Kikundi chetu cha utafiti kimepoa baada ya miezi minane. Nimekosea wapi?

"Mimi ni mhadhiri. Miezi minane iliyopita niliwakusanya watafiti wenzangu tukaunda kikundi cha kuchunguza usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki. Tuko tisa, kutoka idara tatu na vyuo vikuu viwili. Kikao cha kwanza kilikuwa moto, kila mtu na mawazo yake, na kundi letu la WhatsApp halikulala. Sasa wanaohudhuria ni wanne au watano, kazi wanaifanya watu watatu, na mtakwimu wetu haelewani kabisa na mwanasosholojia: mmoja anataka dodoso kwa sampuli kubwa, mwingine anasema bila mahojiano ya kina hatutajua chochote. Mwanafunzi wangu wa uzamili ndiye aliyekusanya karibu data zote za awali, na ameanza kuniuliza jina lake litakaa wapi. Wenzangu wanashauri tuongeze watu, hasa profesa mwenye jina, ili tupate ufadhili. Je, tatizo ni uongozi wangu? Au kikundi hiki hakikuzaliwa vizuri tangu mwanzo, nikivunje?"

Mhadhiri mwenzangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja ambacho sikukiona. Umenieleza mko wangapi, mnatoka wapi, nani anakuja vikaoni na nani amepotea. Hukunieleza mnaandika nini. Hakuna swali la utafiti lililoandikwa kwa maneno kamili, hakuna rasimu, hakuna tarehe ya kumaliza chochote. Mna mada, na mada yenyewe ni pana mno: usugu wa bakteria unaweza kuwapa kazi watafiti elfu moja maisha yao yote bila hata wawili wao kulazimika kukaa meza moja. Ningeanzia hapo kabla ya kujilaumu kwa uongozi.

Hofu yako naielewa hivi: joto la kikao cha kwanza umelichukulia kuwa ndicho kikundi chenyewe, kwa hiyo lilivyopungua unaona kikundi kinakufa. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa ameacha chochote kwa ajili ya mwenzake. Kila mtu alikuja na utafiti anaoupenda kichwani, akasikia mada inayofanana nao, akafurahi. Kukubaliana kulikuwa rahisi kwa sababu hapakuwa na cha kukubaliana. Yaliyokuja baadaye, yaani watu kupungua, wawili kuvutana, mwanafunzi kuulizia jina lake, ni dalili kwamba kazi imeanza kugusa maslahi ya watu. Kwenye karatasi kikundi chako kina miezi minane. Kwa vitendo kina wiki chache tu.

Huenda kwenye semina fulani ulionyeshwa hatua za ukuaji wa kikundi za mwanasaikolojia Bruce Tuckman: watu hukusanyika, huvutana, hukubaliana kanuni, kisha huzalisha. Aliziandika mwaka 1965, na mwaka 1977 yeye na Mary Ann Jensen wakaongeza ya tano, ya kutawanyika. Ni mchoro mzuri wa kumtuliza anayedhani mvutano ni balaa. Ubaya wake ni kwamba wengi huuchukulia kama ngazi, kwamba mkisubiri kwa subira mtapanda tu. Tuckman alizipata hatua hizo kwa kupitia maandiko 50 ya watu wengine, na mengi kati ya hayo yalihusu vikundi vya tiba ya kisaikolojia na vya mafunzo, ambavyo watu hukusanyika ili wajielewe wao wenyewe. Ninyi hamkukusanyika kwa ajili hiyo.

Mimi huegemea zaidi kazi ya Connie Gersick, mtafiti wa vikundi vya kazi, ya mwaka 1988. Alifuatilia vikundi vinane, kila kimoja kikiwa na kazi maalumu na tarehe ya kuikabidhi. Vingine vilidumu siku chache, vingine miezi kadhaa. Kila kikundi kilijiwekea namna yake ya kufanya kazi tangu kikao cha kwanza, kikabaki nayo bila kusogea sana. Halafu, katikati ya muda wake, iwe ni siku ya nne au mwezi wa tatu, watu walishtuka, wakaitupa mipango ya awali na kuanza upya kwa kasi. Kilichowashtua ni kalenda. Sasa kitazame kikundi chako. Hakina mwisho, kwa hiyo hakina katikati. Hakuna siku ambayo mtu atasema nusu ya muda imekwisha na mikononi hatuna kitu. Mnaweza kuendelea hivi miaka mitatu, mkikutana na kuahidiana.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni mdogo kuliko ulivyotarajia. Chagueni andiko moja fupi. Linaweza kuwa makala itokanayo na data alizokwisha kukusanya mwanafunzi wako, au mapitio ya maandiko juu ya swali moja jembamba. Wekeni tarehe ya kuliwasilisha kwenye jarida, isizidi miezi sita kutoka leo, na tieni alama siku ya katikati. Siku hiyo fanyeni kikao cha ajenda moja tu: tulichopanga bado kina maana? Nimeona vikundi vilivyokuwa vimelala vikiamka katika kikao cha namna hiyo. Vikao vya kila mwezi vya "kupeana taarifa" sijaviona vikiamsha mtu.

Kuna mfano ninaoupenda sana. Katika miaka ya 1930 Henri Cartan na André Weil walikuwa wakifundisha hisabati Strasbourg, Ufaransa, na Cartan alikuwa akimuuliza Weil kila mara namna bora ya kuifundisha fomula ya Stokes, kanuni mojawapo ya hisabati ya chuo kikuu. Weil akachoka, akapendekeza wawaite marafiki zao waliokuwa wakifundisha somo hilohilo katika vyuo vingine ili wayamalize maswali hayo mara moja. Walikutana katika mkahawa mmoja Paris tarehe 10 Desemba 1934. Walichokitaka kilikuwa kitabu kipya cha kufundishia. Kutokana na kitabu hicho kikazaliwa kikundi kilichochapisha kwa miongo mingi chini ya jina moja la kubuni, Nicolas Bourbaki. Mtu mmoja aliandika rasimu, ikasomwa kwa sauti mstari kwa mstari mbele ya wote, ikakosolewa bila huruma, kisha akapewa mwingine aiandike upya. Hakuna kilichochapishwa mpaka wote waridhike. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1939. Baadaye wakajiwekea pia kanuni kwamba mwanachama akifika miaka 50 anawapisha wengine.

Ukali wao usiuige, hasa ukiwa na wanafunzi mezani. Ila tazama walichokuwa wakikigombania: karatasi iliyokuwa mbele yao. Mtakwimu wako na mwanasosholojia wako wanagombania mbinu kwa ujumla, na hapo hawatamaliza, kwa sababu kila mmoja anatetea miaka yake ya masomo. Ukimwambia mtu mbinu yake haifai, anasikia kwamba yeye mwenyewe hafai.

Ukiwasikiliza vizuri, utagundua wana maswali mawili tofauti. Mtakwimu anauliza ni wangapi: ni sehemu gani ya wagonjwa huacha dozi kabla haijaisha, na ni akina nani. Mwanasosholojia anauliza kwa nini: mtu anafikiri nini anapoacha vidonge vitatu vya mwisho. Yote mawili ni maswali halali. Wape kazi hii. Mtakwimu alete majedwali matupu, yenye vichwa vya safu na mistari lakini bila namba hata moja, ya matokeo anayotarajia kuyachapisha. Mwanasosholojia aandike aya moja ya mfano, jinsi sehemu yake ya matokeo itakavyosomeka. Kisha wabadilishane, na kila mmoja aseme ni kitu gani katika karatasi ya mwenzake angekihitaji ili ya kwake iwe na nguvu zaidi. Mara nyingi sana mtakwimu hugundua kwamba hajui aweke majibu gani ya kuchagua kwenye dodoso lake mpaka mtu azungumze na wagonjwa ishirini kwanza, naye mwanasosholojia hugundua kwamba hana namna ya kujua kama alichosikia kwa hao ishirini kimeenea au ni cha wachache. Wasipofika hapo, mmejifunza kwamba hizi ni tafiti mbili. Andikeni maandiko mawili na msilazimishe ndoa.

Kuhusu mvutano wenyewe, usiuogope. Penye wengi pana mengi. Miaka ya 1990 Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi hospitalini akitarajia kwamba timu zenye ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta makosa yaliyoripotiwa ni mengi zaidi huko. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kusema. Kwa hiyo wawili wanaobishana mbele yako bado wamo ndani ya kikundi. Wanaonitia wasiwasi mimi ni wale wanne walionyamaza. Umewahi kumpigia simu mmoja wao na kumuuliza, bila lawama, kilichomfanya aache kuja? Jibu lake lina thamani kuliko mikakati yoyote nitakayokuandikia hapa. Huenda akakwambia kwamba tangu siku ya kwanza hakujua alihitajiwa kwa lipi.

Hilo linanipeleka kwa watatu wanaobeba mzigo wa tisa. Watu wengi hulieleza jambo hili kwa tabia: fulani mvivu, fulani mroho wa sifa. Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alipima nguvu za watu wakivuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Ukichukua nguvu ya mtu anayevuta peke yake kuwa asilimia 100, wakiwa wawili kila mmoja alitoa kama 93, na wakiwa wanane kila mmoja alitoa kama 49. Sehemu ya upungufu huo ni kukosa mwendo mmoja, kwamba hawavuti kwa wakati mmoja. Sehemu nyingine ni nia. Katika jaribio la miaka ya 1970 mtu alifungwa kitambaa machoni, akaamini kuna wengine wanavuta nyuma yake ilhali hawakuvuta, na bado alilegeza. Kisha wanasaikolojia waliochunguza watu wakipiga kelele kwa pamoja wakagundua jambo linalokuhusu moja kwa moja: mtu akijua kwamba sauti yake inapimwa peke yake, ulegevu ule hupotea karibu wote.

Katika kikundi cha utafiti maana yake ni kwamba "tutaandika pamoja" ni sentensi hatari. Sehemu ya mbinu ni ya nani? Nani anaangalia kama data zimeingizwa sawasawa? Nani anaandika utangulizi, na lini? Kila kipande kiwe na jina la mtu mmoja, hata kama watasaidia watatu. Hapa nakubali kwamba uongozi wako una sehemu yake. Uliita watu, ukawa mwenyeji mzuri, lakini ukasubiri wajitolee. Wasomi wana adabu ya kungojana.

Sasa hilo la kuongeza watu. Nakusihi usifanye hivyo kwa sasa. Watu tisa wana jozi 36 za mahusiano, na kila jozi ni mahali ambapo habari inaweza kupotea au watu wakaelewana vibaya. Watano wana jozi 10. Ukiongeza watatu juu ya tisa wako, unafika 66. Vikundi vikubwa vinawezekana, ndiyo. Mwaka 2015 makala ya pamoja ya ATLAS na CMS, vikundi viwili vikubwa vya wanafizikia huko Ulaya, kuhusu masi ya chembe ndogo sana iitwayo Higgs ilikuwa na waandishi 5,154. Lakini nyuma yake kulikuwa na kamati na taratibu zilizoandikwa kwa miaka mingi, na mashine ya kugonganisha chembe ambayo hakuna chuo kimoja kingeweza kuijenga. Ninyi hamna mashine hiyo. Kuna pia uchambuzi wa Lingfei Wu, Dashun Wang na James Evans uliochapishwa mwaka 2019, uliopitia zaidi ya kazi milioni 65 zikiwemo makala, hataza na programu za kompyuta. Timu ndogo zilielekea kufungua njia mpya, na kubwa zilielekea kuendeleza njia zilizokwisha kufunguliwa. Zote zinahitajika, lakini njia yenu bado haijafunguliwa.

Profesa mwenye jina ana faida zake, sitakuficha. Wafadhili husoma wasifu. Kikundi cha kwanza nilichokiongoza kilimwalika mtu wa namna hiyo kikiwa na umri kama wa kwenu. Alikuja vikao viwili, akasema mambo ya busara, na tangu hapo vijana wakaacha kusema lolote bila kungojea atasemaje. Mwaka ukaisha bila makala. Hakuna aliyefanya ubaya. Tulimleta kabla hatujawa na kitu cha kumwonyesha, kwa hiyo alichoweza kutupa kilikuwa maoni tu. Mwalikeni mkiwa na rasimu, na mwambieni waziwazi ni sehemu gani mnataka aichambue.

Vyuo viwili ni kikwazo kikubwa kuliko idara tatu, ingawa watu wengi hudhani kinyume chake. Jonathon Cummings na Sara Kiesler walichunguza miradi 62 ya ushirikiano nchini Marekani, wakachapisha mwaka 2005. Kadiri vyuo vilivyoongezeka ndivyo matokeo yalivyopungua, na sababu kubwa ilikuwa uratibu. Fani kuwa nyingi haikuumiza kiasi hicho. Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alikuwa ameshaonyesha katika miaka ya 1970 kwamba mazungumzo ya kitaalamu hupungua kwa kasi meza za watu zinapoachana, na baada ya mita 50 hivi mazoea ya kuzungumza huwa yamekwisha. Simu na video vinasaidia waliokwisha kuzoeana. Kwa hiyo mkiweza kukusanyika ana kwa ana mara moja tu mwaka huu, msitumie siku hiyo kwa mawasilisho. Kaeni siku nzima mkiandika, kila mtu na kipande chake, chumba kimoja.

Nimeliacha la mwanafunzi mpaka sasa kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Anauliza kwa upole, na wewe unaona ni mapema. Si mapema, limeshachelewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika taaluma jina kwenye makala ndiyo mali.

Desturi hutofautiana kwa fani. Wanahisabati wengi hupanga majina kwa alfabeti. G. H. Hardy na J. E. Littlewood, walioandika pamoja kwa miaka 35, walikuwa na kanuni kwamba haijalishi hata kama mmoja wao hakuchangia chochote katika makala yenye majina yao wote. Waliweza hivyo kwa sababu walikuwa wawili, wote wakubwa, na hakuna aliyekuwa akitafuta kazi kwa makala hiyo. Katika maabara za sayansi za viumbe, wa kwanza ni aliyefanya kazi kubwa na wa mwisho huwa kiongozi. Kwenu kuna mwanasosholojia, mtakwimu na watu wa maabara, kwa hiyo kila mmoja amekuja na desturi yake akidhani ni ya wote.

Ushike mwongozo wa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE. Mwandishi anatakiwa kutimiza masharti manne, yote kwa pamoja: amechangia kwa uzito ubunifu wa utafiti au upatikanaji, uchanganuzi au ufafanuzi wa data, ameandika rasimu au kuihariri kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Kuutafutia mradi fedha au kuwa mkuu wa kikundi, peke yake, hakutoshi. Hapo profesa wenu aliyepangwa kuongezwa tayari anapata jibu lake. Kwa mwanafunzi, hatari iko kwenye sharti la pili: mtu anaweza kukusanya data zote, kisha akanyimwa nafasi ya kuandika, halafu akaambiwa hakutimiza masharti. Mwongozo wenyewe unakataza hilo kwa maneno ya wazi. Mpe aandike. Kaa naye chini kabla ya kikao kijacho, kubalianeni sehemu atakayoiandika, halafu kikundi kizima kiandike ukurasa mmoja wa mpangilio wa majina, wenye sentensi inayosema mpangilio utapitiwa upya katikati ya muda ikiwa kazi imebadilika. Mkipenda tumieni orodha ya CRediT, yenye aina 14 za mchango. Inasaidia kuona kazi ambazo huwa hazitajwi, kama vile kutunza na kusafisha data.

Yapo mambo ambayo ushauri wa kuandikiana hautoshi. Ukishuku kwamba namba zimebuniwa au kupindishwa, usiitishe kikao cha usuluhishi. Peleka suala kwa kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, na linda data za awali kabla ya kusema lolote. Kama sampuli za bakteria au taarifa za wagonjwa zinavuka kutoka chuo kimoja kwenda kingine, hakikisha kibali cha maadili kinavitaja vyuo vyote viwili na kwamba kuna mkataba ulioandikwa wa kuhamisha sampuli. Ofisi ya utafiti ya chuo ndiyo inayoujua utaratibu wake, nenda mwenyewe ukaulize. Mtu akinyanyaswa, au mwanafunzi akitishwa kuhusu shahada yake, ofisi ya masomo ya uzamili ihusishwe siku hiyohiyo. Na ikiwa wale wenzako wawili wamefika mahali pa kutosalimiana, tafuta mkuu mmoja wanayemheshimu wote wawili na asiye na maslahi katika andiko akae nao. Wewe huwezi kuwa msuluhishi wao, kwa sababu unahitaji matokeo.

Je, ukivunje? Bado. Tayari una kikundi: ni wale watatu, pamoja na mwanafunzi. Waliobaki ni marafiki wa mada, na hilo si kosa lao. Waandikie wote tisa wiki hii ujumbe mfupi: swali letu ni hili, andiko ni hili, tarehe ya kuliwasilisha ni hii, vipande ni hivi vitano na kila kimoja kinahitaji mtu mmoja. Asiyeweza kwa sasa aseme bila aibu, andiko la pili litamkuta. Wape siku kumi za kujibu. Na kabla hujautuma, mwonyeshe mwanafunzi wako, kwa kuwa kwenye kipande cha matokeo jina lililoandikwa ni lake.